Airisi ndefu zenye ndevu: hazichanui, zinaoza, zinaanguka. Tafuta chanzo kwenye tunguu

Ukihamia nyumba yenye uwanja huko Marekani, kwenye majimbo kama Ohio, Iowa au Kentucky, kuna uwezekano mkubwa wa kukuta kichaka cha airisi kando ya ukuta, kilichoachwa na waliotangulia. Majani ni mapana, yamesimama wima mithili ya panga. Mwezi Mei au Juni hutoa shina lenye urefu wa zaidi ya sentimita 70, na juu yake maua makubwa yenye petali tatu zilizosimama na tatu zinazoning'inia. Mstari wa manyoya katikati ya hizo zinazoning'inia ndio ndevu zake. Hivyo ndivyo mambo yanavyotakiwa kuwa. Mara nyingi unachokikuta ni majani tu, au kichaka kinachonuka uozo.

Mmea huu hufa kwa kutunzwa mno kuliko kwa kusahauliwa. Mababu zake wanatoka nchi za Bahari ya Kati na Mashariki ya Kati, kwenye miteremko ya mawe ambako mvua hunyesha wakati wa baridi na ardhi hukauka kabisa wakati wa joto. Karibu kila tatizo lililo hapa chini huanza pale unapowekewa hali iliyo kinyume cha hiyo: udongo umeufukia, maji yamesimama, kivuli kimeufikia, au mbolea imezidi. Ndiyo maana tunakuomba usinunue dawa yoyote kabla hujachunguza tunguu.

Tunguu ni lile shina nene linalolala usawa wa ardhi, linalofanana na tangawizi. Mfanano huo usikudanganye: lina sumu kwa watu, mbwa na mifugo, na utomvu wake huwasha ngozi, kwa hiyo vaa glavu. Ondoa udongo kwa vidole, kisha libonyeze kwa kidole gumba pande zote. Likiwa gumu na mizizi yake ni minene na myeupe, mmea ni mzima, na shida iko kwenye kina, mwanga, chakula au majani. Likibonyea na kunuka vibaya, bakteria wameingia. Likiwa na tundu lenye ungaunga kama vumbi la mbao, kuna kiwavi. Likiwa gumu lakini mizizi imekufa na kubaki maganda matupu, hilo ni jambo jingine tutakalolifikia.

Majani yamestawi, maua hakuna

Anza na kina. Tunguu lililofukiwa sentimita 7 hadi 10 linaweza kutoa majani miaka nenda miaka rudi bila ua hata moja. Mgongo wake unataka jua. Mizizi ndiyo inayotaka udongo. Kwenye udongo wa mfinyanzi, mgongo ubaki wazi kabisa. Kwenye kichanga, au mahali penye jua kali sana, unaweza kuufunika kwa sentimita 2, si zaidi. Huhitaji kung'oa mmea ili kurekebisha: fagia udongo kutoka juu ya tunguu na uondoe matandazo yote ya maganda ya miti au majani makavu. Matandazo yanayofaa nyanya yanaidhuru airisi.

Kisha hesabu saa za jua. Chini ya saa 6 za jua la moja kwa moja kwa siku, maua hupungua mwaka hadi mwaka mpaka yanakoma. Majani ya airisi iliyo kivulini huwa marefu, laini, na yote huelemea upande mmoja. Mti wa jirani uliokuwa mdogo miaka mitano iliyopita sasa huenda ndio unaokunyima maua.

Cha tatu ni msongamano. Jambo la msingi ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba kila tunguu huchanua mara moja tu katika maisha yake. Likishatoa shina la ua halitoi tena. Ni watoto wake wa pembeni ndio watakaochanua. Baada ya miaka 3 au 4 katikati ya kichaka hujaa matunguu mazee yasiyo na majani, yaliyopandana, na watoto wamesukumwa ukingoni wakigombania udongo uliochoka. Hapo dawa ni kugawa.

Kugawa hufanywa wiki 4 hadi 6 baada ya maua kwisha. Kwa sehemu kubwa ya Marekani hiyo ni Julai na Agosti, na usivuke katikati ya Septemba kule kaskazini, kwa sababu mizizi mipya inahitaji angalau wiki 6 kabla ardhi haijaganda. Ng'oa kichaka chote kwa uma wa bustani na uoshe udongo kwa maji. Kata kila mtoto kwa kisu kikali akiwa na kipande cha tunguu cha sentimita 7 hadi 10, mizizi yake, na fungu moja la majani. Fupisha majani yabaki sentimita 15. Tupa matunguu mazee ya katikati. Acha vipande vikae mahali pakavu siku moja au mbili ili majeraha yafunge.

Unapopanda, chimba shimo la kina cha sentimita 12 hivi, jenga kituta kidogo katikati yake, kalisha tunguu juu ya kituta, teremsha mizizi pande zote mbili, kisha rudisha udongo na ushindilie kwa viganja. Hakikisha hakuna uwazi chini ya tunguu, kwani hapo maji hukusanyika. Umbali wa mche hadi mche ni sentimita 40 hadi 60. Mwagilia mara moja vizuri, halafu mara moja kwa wiki kama hakuna mvua, mpaka uone jani jipya likichomoza katikati. Baada ya hapo acha kumwagilia, isipokuwa ukame uwe mkali.

Mbolea nayo huzuia maua, hasa ile ya nyasi za uwanjani, iliyojaa naitrojeni, ambayo hutapakaa hadi kwenye airisi bila mtu kukusudia. Dalili yake ni majani ya kijani kizito, manene, yanayolala. Tumia mbolea ambayo namba yake ya kwanza, yaani ya naitrojeni, ni ndogo, mfano 5-10-10, robo kikombe kwa kichaka, mapema majira ya kuchipua, na mara nyingine tena mwezi mmoja baada ya maua. Inyunyizie kuzunguka mmea, si juu ya tunguu. Samadi mbichi usiitumie kabisa, inaleta uozo. Udongo wenye pH (kipimo cha uchachu) kati ya 6.5 na 7 unafaa. Ukiwa mchachu zaidi ya hapo, weka chokaa.

Kuna hali mbili ambazo hazihitaji tiba. Mche uliopandwa Agosti unaweza kukosa kuchanua Mei inayofuata. Usiung'oe, subiri mwaka wa pili. Na kama sakitu kali ilipiga Aprili wakati majani yameshaanza kurefuka, pasua fungu moja la majani kwa urefu. Ukikuta ndani kijishina cha ua kilichogeuka kahawia na kulainika, basi baridi imekimaliza. Mmea wenyewe ni salama, lakini kata sehemu iliyokufa ili isiwe mlango wa uozo.

Tunguu limelainika na linanuka

Huu ni uozo wa bakteria, na harufu yake huwezi kuikosea. Majani ya ndani hugeuka manjano, kisha fungu zima huanguka, na ukilivuta linatoka mkononi bila kupingana. Bakteria hawa hawawezi kupenya ganda zima la tunguu. Huingia kwenye jeraha: tundu la kiwavi, mkwaruzo wa jembe, ufa wa sakitu, au kidonda cha kugawa kilichopandwa kikiwa kibichi. Kwa hiyo ukitibu uozo bila kutafuta jeraha lilitoka wapi, utatibu tena mwakani.

Kama uozo umeshika sehemu tu ya kichaka, unaweza kutibu bila kung'oa. Subiri siku kavu. Ondoa udongo mpaka tunguu liwe wazi, kata majani yaliyokufa, kisha kwangua uozo kwa kijiko cha chuma mpaka ufikie nyama nyeupe, ngumu, isiyo na alama ya kahawia. Usimwonee huruma mgonjwa hapa. Kipande kidogo cha uozo kikibaki, kazi yote imepotea. Changanya jiki sehemu 1 na maji sehemu 9, mimina kwenye kidonda, na uache jua lilipige bila kufunika. Usiichanganye jiki na sabuni ya choo wala dawa nyingine ya usafi, maana hutoa gesi hatari. Kijiko na kisu vipanguse kwa mchanganyiko uleule, au kwa spiriti ya asilimia 70, kila unapohama kutoka tunguu moja kwenda jingine.

Uozo ukiwa umeenea, ng'oa kila kitu, kata sehemu nzima tu, zitumbukize katika mchanganyiko huo kwa dakika 10 hadi 15, zikaushe siku kadhaa mpaka kidonda kiwe na ganda, na uzipande mahali pengine. Mabaki yaende kwenye takataka; usiyapeleke kwenye mboji.

Halafu tazama maji yanatoka wapi. Mara nyingi mkosaji ni mpira wa kunyunyizia nyasi unaojiwasha kila alfajiri. Kama ni mfinyanzi usiopitisha maji, inua tuta la sentimita 15 hadi 20 na uchanganye changarawe ndogo na mboji iliyoiva vizuri. Mashamba makubwa ya kibiashara ya airisi nchini Marekani yako bonde la Willamette, jimbo la Oregon, karibu na Salem, ambako majira ya joto ni makavu. Tunguu ulilonunua limezoea hali hiyo, na likishuka Missouri kwenye mvua za Julai linahitaji tuta hilo.

Majani yana michirizi ya maji, kingo zimetafunwa

Mashariki ya Milima ya Rocky, adui mkubwa ni kiwavi wa airisi, Macronoctua onusta. Ulaya na Afrika Mashariki hayupo, kwa hiyo wasomaji wa huko waruke sehemu hii. Wengine wote waisome mara mbili, kwa sababu kumshinda kunategemea kalenda, na dawa ni jambo la baadaye.

Nondo wa kahawia hutaga mayai Septemba na Oktoba kwenye majani makavu ya airisi na takataka zilizo karibu. Mayai hukaa humo majira yote ya baridi. Kuanzia katikati ya Aprili hadi mwanzo wa Mei huanguliwa vijiviwavi vyembamba vinavyopanda jani jipya na kutoboa kuingia ndani. Wakati huo utaona vitundu kama vya sindano, kisha mchirizi wenye majimaji unaoteremka kwenye jani, au ukingo uliomeng'enywa. Kiwavi husafiri ndani ya jani kwenda chini, na ifikapo mwishoni mwa Juni au Julai yumo ndani ya tunguu, sasa akiwa na rangi ya waridi, kichwa cha kahawia, na urefu wa sentimita 4 hadi 5. Analila tunguu kutoka ndani na kuwaachia bakteria mlango. Agosti hutoka na kugeuka pupa kwenye udongo, yaani hujifungia ndani ya ganda kabla ya kuwa nondo. Kizazi ni kimoja tu kwa mwaka, na hapo ndipo penye udhaifu wake.

Baada ya sakitu kali ya kwanza au ya pili, kata majani yote ya airisi, kusanya kila jani kavu lililo chini, na uyatoe nje ya bustani. Ukichelewa, fanya hivyo kabla ya Aprili kufika katikati. Kazi hiyo moja hupunguza viwavi kuliko kitu kingine chochote. Mwezi Mei pita kila wiki, na ukiona mchirizi, bana jani kwa vidole viwili kutoka juu ya mchirizi kushuka chini. Utamsikia kiwavi akipasuka. Julai, unapogawa, kagua kila tunguu lenye tundu, mtoe kwa waya, na utazame kama kuna pupa wa rangi ya kahawia iliyoiva kwenye udongo ulio chini.

Minyoo midogo ya nematodi inayoua wadudu, aina ya Steinernema carpocapsae au Heterorhabditis bacteriophora, inaweza kumwagiwa kwenye udongo wenye unyevu jioni, mwezi Juni, kabla viwavi hawajapevuka. Sumu zinazosambaa ndani ya mmea zipo, lakini hufika hadi kwenye ua ambako nyuki huingia, kwa hiyo hatuzipendekezi kwa bustani ya nyumbani.

Madoa ya kahawia kwenye majani

Madoa madogo yenye ukingo mwekundu-kahawia na kitovu cha kijivu, yanayoongezeka kasi baada ya maua na mvua, ni ugonjwa wa ukungu. Hauui mmea mwaka mmoja, ila huudhoofisha. Ukungu huo hukaa majira yote ya baridi kwenye majani makavu, kwa hiyo usafi uleule wa kumzuia kiwavi unauzuia na huu. Kata sehemu yenye madoa, acha iliyo ya kijani. Kuna mazoea ya kukata majani yote Julai ili bustani ipendeze. Acha, maana majani hayo ndiyo yanayojaza tunguu chakula cha maua ya mwakani.

Ukilazimika kupiga dawa ya ukungu, anza majani yakiwa na sentimita 10 hadi 15 na urudie kila siku 7 hadi 10, ukiongeza matone machache ya sabuni ya maji, kwa kuwa jani la airisi lina nta na dawa huteleza. Klorothalonili, mojawapo ya dawa hizo, bado inauzwa Marekani. Katika Umoja wa Ulaya imeondolewa sokoni. Ncha za majani ya nje kukauka Agosti ni uzee tu, siyo ugonjwa.

Majani yanaanguka kutoka chini, hakuna harufu

Angalia pale jani linapokutana na tunguu. Nyuzi nyeupe pamoja na vipunje vya rangi ya kahawia vyenye ukubwa wa mbegu ya haradali ni ukungu wa Sclerotium rolfsii, unaopenda joto na unyevu. Vipunje hivyo hukaa hai udongoni miaka mingi. Ng'oa mmea ulioathirika pamoja na udongo unaouzunguka hadi kina cha sentimita 15 hadi 20, uweke kwenye mfuko, utupe. Panua nafasi kati ya mimea iliyobaki ili hewa ipite.

Kama majani ya katikati yamegeuka mekundu-kahawia kuanzia nchani, ndani ya siku chache, na tunguu ni gumu lakini mizizi yote imekuwa mirija mitupu, usilikwangue, kwa sababu huo si uozo wa bakteria. Ling'oe, ondoa mizizi iliyokufa, lianike juani wiki moja hadi mbili, kisha lipande upya kwenye udongo mkavu. Mengine huota tena.

Shina la ua limelala

Shina la sentimita 90 lenye maua mawili matatu yaliyolowa mvua ni zito. Kijiti cha mwanzi kilichofungwa kwa uzi laini chini ya tawi la kwanza kinatosha. Yakilala bila mvua wala upepo, rudi kwenye kivuli na naitrojeni.

Tunguu jipya limeinuka juu ya ardhi wakati wa baridi

Udongo ukiganda na kuyeyuka mara kwa mara humsukuma mche juu. Usimkandamize kwa nguvu, utaikata mizizi. Sogeza udongo au mchanga ubavuni, na uweke tofali au jiwe juu ya tunguu mpaka majira ya kuchipua.

Nilipanda za waridi, sasa ni za zambarau tupu

Airisi haibadili rangi. Aina ya zamani yenye nguvu imeizidi ile dhaifu, au mbegu zilidondoka na kuota. Vunja vifuko vya mbegu mara ua linaponyauka, na uweke alama kwenye kila kichaka wakati wa maua, wakati ambao tofauti inaonekana. Petali zenye mabaka na majani yenye mistari ya manjano ni habari nyingine: virusi vya mozeki, vinavyoenezwa na vidukari. Havina tiba, na mmea uliodhoofika ni bora ung'olewe.

Mahali pasipo na baridi ya kutosha

Aina nyingi ndefu zinahitaji wiki kadhaa za baridi ili zitengeneze ua. Texas kusini na Florida, majani yatastawi na maua yatakuwa haba hata ukifanya kila kitu sawasawa. Chagua aina zinazorudia kuchanua, kama 'Immortality' nyeupe ya mwaka 1982. Lakini fahamu kwamba hizo zinataka maji na mbolea kidogo wakati wa joto, tofauti na nyingine zote.

Kwa walio nchi za Ghuba huko Uarabuni, airisi nyeupe ya Iris albicans, yenye asili ya Yemen na Saudia na ambayo tangu zamani hupandwa makaburini na Waislamu, ni fupi kidogo lakini ina ndevu na huvumilia joto. Nyanda za juu zenye sakitu, kama Kinangop au Njombe, zinaweza kujaribiwa. Huko adui ni masika, kwa hiyo inua tuta hadi sentimita 30 na upande Juni mvua zikishapita.

Dar es Salaam na Mombasa usipoteze pesa kwa airisi zenye ndevu. Panda Dietes iridioides, ndugu yake wa porini anayeota kwa asili Kenya na Tanzania. Ua lake jeupe lenye alama ya manjano na zambarau hudumu muda mfupi, lakini hutoka moja baada ya jingine. Mmea huu hugawanywa kwa jembe au kuoteshwa kwa mbegu, na hukubali kivuli cha nusu siku ambacho airisi yenye ndevu hukikataa.